Kaseti Mbili za Usingizi wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa analala mchana. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya mtu anayekoroma hufikiria giza na chandarua. Yeye alikuwa zamu ya usiku kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, akiendesha foklifti. Saa moja na nusu asubuhi alirudi nyumbani Temeke, akaoga, akanywa uji, akalala. Saa hiyo hiyo mimi nilikuwa natoka kwenda masjala, ofisini nilikokuwa karani wa mafaili. Tulipokezana kitanda kama walinzi wanavyopokezana koti.

Tulipanga chumba na sebule katika nyumba yenye ukumbi wa pamoja. Mama mwenye nyumba alizaliwa mtaa huo huo na alijua habari za kila mlango. Nikirudi jioni alikuwa ananipa taarifa kabla sijaweka mkoba chini.

"Bibie, mumeo leo kapasua mbao. Mie nimetoka nje kuangalia kama kuna lori limekwama."

"Samahani mama."

"Samahani ya nini? Nyumba yenye mwanaume inasikika."

Basi tukawa tunacheka. Kukoroma kulikuwa jambo la kuchekwa, kama kitambi. Ambalo hatukulicheka ni kwamba mtu huyu, aliyelala kwa muda wa saa nane nzima, aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alisinzia akivaa viatu. Siku moja alisinzia katikati ya kusema "shikamoo" kwa mjomba wangu aliyekuja kutoka Same, na mjomba akabaki anasubiri herufi za mwisho.

Kisha akasinzia juu ya foklifti.

Mashine ilikuwa imebeba marobota ya mitumba. Ilijiendea yenyewe, polepole, ikaenda kuegemea rundo la mbao mpaka ikazimika. Hakuna aliyeumia. Lakini fomeni wa yadi, mzee mnene mwenye filimbi shingoni, alimwita pembeni asubuhi ile na kumwambia maneno ambayo mume wangu alinirudia neno kwa neno, amekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni.

"Nakupa wiki mbili. Lete karatasi ya daktari inayosema unaumwa nini na kama kinatibika. Ukija mikono mitupu, foklifti basi. Nakupeleka getini."

Mtu asiyemfahamu mume wangu angeuliza geti lina ubaya gani. Ubaya ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, kila mtu Kurasini alijua kwamba watu wa getini ndio huandikwa juu kabisa kwenye orodha. Pili, yeye alikuwa fundi. Mawakala wa forodha wenye mizigo ya vioo walikuwa wakiuliza kama yupo kabla ya kuruhusu kreti lifunguliwe minyororo. Alikuwa anateremsha tani mbili chini bila kuvunja hata kisosi.

"Mie niwe mtu wa kufungua na kufunga?" aliniuliza. "Mie?" Kisha akalala, akaanza kupasua mbao.

Ushauri ulikuja kutoka kila mlango. Mama mwenye nyumba alisema ni jini la usingizi. Kinyozi wa kona alisema ni malaria ya kichwani. Mjomba wangu alisema ni uvivu, maana alikuwa bado na kinyongo cha shikamoo. Msaada wa kweli ulitoka kwa mwenzangu wa masjala. Aliniambia kuna kliniki mpya ya mtu binafsi Sinza, ambapo daktari aliyesomea nje anashughulika na pua, koo na watu wasiolala vizuri.

Tukaenda. Kliniki ilikuwa katikati ya gesti mbili, mkabala na baa iliyokuwa ikiosha viti. Ndani nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona hospitali yoyote: watu watatu wamekaa meza moja kumsikiliza mgonjwa mmoja. Daktari mwenyewe, kijana mwenye miwani mizito. Muuguzi wa makamo, kalamu nywelini. Na mtaalamu wa viungo, bwana mrefu aliyekuja siku mbili kwa wiki, ambaye kabla hata hajasalimia vizuri alimpima mume wangu shingo kwa futi ya fundi cherehani.

Waliuliza kila kitu. Analalia mgongo au ubavu? Mto wa sufi au wa sponji? Anakula nini kabla ya kulala? Anameza vidonge gani? Nani anamwamsha? Mume wangu alijibu kama yuko kituo cha polisi. Mimi niliandika, kwa sababu mimi huandika.

"Sasa kaka," daktari akasema mwishoni, "tatizo lako liko mahali ambapo sisi hatupo. Liko kitandani kwako. Inabidi mtuletee huo usingizi hapa mezani."

"Tuulete vipi?"

"Kwenye kaseti."

Miaka ile redio kaseti zilikuwa zimejaa Kariakoo, mpaka nyumba isiyo na meza ilikuwa na redio yenye spika mbili. Yetu ilikuwa inatafuna kaseti, kwa hiyo nikaenda kwa fundi redio wa mtaani, mwenye kibanda cha mabati karibu na bomba la maji. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Sista, nimeazimishaga redio kwa harusi, kwa maulidi, kwa mkutano wa chama. Kwa mkoromo, hii mara ya kwanza." Akanipa redio yake bora, yenye maikrofoni ya waya, na kaseti tupu ya dakika sitini. "Irudi nzima. Na huyo bwana asiikaribie sana, ataipasua spika."

Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini. Siku ya kwanza nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, saa nne kamili asubuhi, kidole kwenye kitufe. Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nalieleza bila kujitetea, ingawa mtu yeyote wa masjala atanielewa.

Masjala karatasi tupu haiwekwi kwenye faili. Ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza kazini. Ukipokea barua yenye kurasa tatu na ya nne ni tupu, unaiondoa ya nne. Faili linabaki jembamba, anayesoma hapotezi muda. Nami nilikuwa na nusu saa tu kila upande wa kaseti. Kwa hiyo mume wangu alipokoroma, nilirekodi. Aliponyamaza, nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Akianza tena, nikaachia. Sikupoteza hata nukta moja ya utepe. Nikaandika na karatasi ya maelezo, kwa mwandiko wangu wa ofisini: saa ya kuanza, saa ya kugeuza upande, aina ya mkoromo. "Mzito." "Wa kuburuza." "Wenye filimbi."

Tulipopeleka Sinza nilikuwa najisikia kama mtu anayekabidhi kazi safi. Watatu wale wakasikiliza upande wa kwanza wote, vichwa vimeinama. Mume wangu alitazama dari. Hakuwa amewahi kujisikia akikoroma, na nadhani alikuwa akingoja mtu aseme kwamba huyo siye yeye.

Daktari akazima. "Anakoroma mfululizo. Hakuna kusimama hata mara moja." Hakuonekana kufurahi wala kusikitika. "Hili ninalolisikia ni mkoromo tu. Siwezi kuandika kwamba ni ugonjwa."

"Kwa hiyo sina ugonjwa!" mume wangu akasema, amefurahi.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. "Kama huna ugonjwa una uvivu," nikamwambia. "Ndivyo fomeni atakavyosoma hiyo karatasi."

Furaha ikamtoka usoni. Daktari alikuwa amekwisha kuvuta karatasi ya barua na kufungua kalamu. Muuguzi ndiye aliyekuwa bado na maelezo yangu mkononi, akiyasoma mstari kwa mstari.

"Dada," akasema, "hii kaseti si ni nusu saa kila upande?"

"Ndiyo."

"Umeandika hapa ulianza saa nne kamili. Umegeuza upande saa tano kasoro robo. Hii nusu saa yako ina dakika arobaini na tano. Nyingine zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwa fahari kidogo. "Nilikuwa nasimamisha akinyamaza. Hapakuwa na kitu pale."

Daktari akavua miwani. "Akinyamaza? Mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila baada ya muda."

"Na akianza tena, anaanzaje?"

"Kama mtu anayetolewa kisimani."

Yule mtaalamu wa viungo akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Sikujua anacheka au analia. Daktari alirudisha kifuniko kwenye kalamu.

"Dada yangu, umetuletea maganda, embe umeliacha nyumbani. Nenda karekodi tena. Safari hii bonyeza, halafu kaa mbali na hiyo redio."

Zilikuwa zimebaki siku nne tu fomeni apewe karatasi. Fundi redio akanipa kaseti ya dakika tisini na akaniangalia kwa huruma. Nikaiweka redio kwenye kigoda, nikabonyeza, nikatoka nje kuosha vyombo ili mikono iwe na shughuli.

Kaseti ya pili ilikuwa chafu. Ilikuwa na jogoo, adhana ya adhuhuri, ndoo ya mtu, na mlango wa choo. Lakini palikuwa na sehemu moja ambayo mpaka leo naweza kuieleza kwa mpangilio. Mume wangu anakoroma, mzito. Anapanda, anapanda, kisha kimya. Katika kimya hicho, muuza samaki anasikika mbali, upande wa kinyozi: "Samakiii! Samaki wabichiii!" Anakuja na baiskeli yake. Anafika mlangoni kwetu. Mama mwenye nyumba anamsimamisha.

"Hawa wa jana hawa."

"Mama, wa jana? Muone huyu, bado anahema!"

"Anahema kuliko mpangaji wangu humo ndani?"

Wote wawili wanacheka, na kengele ya baiskeli inalia. Ndipo, kwa kishindo, mume wangu anavuta pumzi.

Pale mezani Sinza hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa na saa mkononi. Nilipomtazama mume wangu nikaona kwamba naye amebana pumzi, akijingojea. Alipojisikia akivuta hewa kwenye redio, akavuta na yeye.

"Yule mtu ametoka kwa kinyozi mpaka mlangoni," akasema taratibu. "Mie nilikuwa wapi muda wote huo?"

"Ulikuwa unakabwa," daktari akamjibu. "Koo linajifunga ukilala. Mwili unakuamsha kidogo ili uvute hewa, wewe hujui, unalala tena. Hivyo hivyo mpaka saa ya kuamka. Hujalala, kaka. Umeshinda unapigana."

Nilimsikia mume wangu akishusha pumzi ndefu. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa amejiaminisha kwamba ni mvivu.

Daktari alikuwa na kimashine kidogo alichokuja nacho kutoka masomoni, cha kubana kidole, chenye taa nyekundu, kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Alitaka kumwona amelala huku amekivaa. Kimashine kilihitaji umeme, na umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo muuguzi alipanga siku kwa kufuata zamu ya Sinza kupata umeme. Akasema pia tuje na mto wetu wenyewe, ule ule wa nyumbani.

Hebu fikiria basi, saa tano na nusu mchana, mume na mke wanashuka kituoni Sinza, mume akipiga miayo, mke amekumbatia mto. Mhudumu wa gesti ya kwanza alikuwa mlangoni akijipepea kwa gazeti.

"Karibuni! Vyumba vipo! Na mito ipo, mama, usingejisumbua!"

"Tunakwenda hapo jirani," nikamwambia.

"Aaa, kule mashuka si mazuri!"

Mume wangu alilala kliniki kama yuko kwake. Sisi wanne tukasimama kumtazama. Kila aliponyamaza, namba kwenye kimashine ilianza kuteremka. Alipovuta pumzi, ikapanda. Mtaalamu wa viungo akamgeuza taratibu alale ubavu wa kushoto. Namba ikatulia. Tukangoja. Ikaendelea kutulia. Daktari na muuguzi wakatazamana kama watu walioona mvua.

Ndipo wakamshonea mpango wake. Nasema wakamshonea kwa sababu ulikuwa kama suti, wa vipimo vyake peke yake. Daktari akasema huko nje kuna mashine za kupuliza hewa puani usiku kucha, lakini hapa haipo, na hata ingekuwepo mgao ungeiua. Yeye angetibu pua, ambayo vumbi la yadi lilikuwa limeiziba. Muuguzi akamwachisha piriton. Alikuwa anaimeza kila asubuhi kwa ajili ya mafua hayo ya vumbi, na kumbe ilikuwa inalegeza koo na kumwongezea usingizi. Akamwachisha pia chipsi mayai za saa kumi na mbili alfajiri, na akampangia kutembea kwa miguu kutoka Kurasini mpaka nyumbani. Mtaalamu wa viungo akampa mazoezi ya ulimi na shingo, na akaagiza tumshonee mfuko mgongoni mwa fulana, ndani yake kitu cha mviringo, ili akijigeuza chali kimfukuze. Mimi nikapewa daftari.

"Jirani yetu mmoja naye anakoroma," mume wangu akasema. "Nimpe huu mpango?"

"Usimpe. Kila mtu ana koo lake," akajibu daktari.

Barua ikaandikwa. Ilisema anaumwa, inatibika, asipande mashine kwa wiki sita, kisha apimwe upya, na ikiwezekana ahamishiwe zamu ya mchana. Fomeni aliisoma mara mbili akaikunja. Akampeleka getini, kwa wiki sita.

"Wiki sita tu," mume wangu akaniambia. Lakini jioni ile alikwenda zamu bila kuniaga.

Alifungua geti na kufunga, na nyumbani tukafanya kazi. Cha kwanza nilichoweka kwenye mfuko wa fulana kilikuwa chungwa. Siku ya pili akalipasua, akaamka mgongo umelowa na chumba kizima kinanukia sharubati. Nikatafuta mpira wa tenisi kwenye mitumba ya soko la Karume, nao ukakaa. Mazoezi ya ulimi aliyafanya kwenye kioo cha ukumbini, ndipo penye mwanga. Mama mwenye nyumba akamkuta ametoa ulimi wote nje.

"Baba, mie nimekukosea nini?"

"Dawa hii, mama."

"Dawa ya kumtukania mama mtu mzima?" Baada ya wiki alikuwa anasimama pembeni na kumhesabia.

Daftari langu lilikuwa na safu nne, na ya mwisho ilikuwa ya namna alivyoamka. Mwanzoni niliandika "kwa shida", "kwa shida", "kwa shida sana". Wiki ya tatu kuna siku nimeandika "mwenyewe". Wiki ya tano kuna siku nimeandika "akiimba", na pembeni, kwa wino mwingine, "vibaya". Mama mwenye nyumba alianza kulalamika kwamba mchana umekuwa kimya mno, hajui kama mpangaji yupo au katoka.

Wiki sita zilipokwisha, Sinza wakampima tena na kumwandikia karatasi ya kurudi kwenye mashine. Asubuhi ya kuipeleka, aliisahau mezani kwa haraka ya furaha. Nikaomba ruhusa kazini nikamfuata nayo Kurasini. Ndiyo maana nilikuwepo.

Fomeni aliipokea, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Shemeji, karatasi nimeiona. Lakini daktari haendeshi foklifti. Nami nina kipimo changu."

Kipimo chake kilikuwa hiki: ofisi ya mabati, saa saba mchana, feni imekufa kwa mgao. Akaagiza sahani mbili za wali maharage na papa, kubwa kubwa, kwa mama ntilie. Moja yake, moja ya mume wangu. Kisha wakae, redio ya betri ikisoma matangazo ya vifo, mpaka saa tisa. Mume wangu akifumba macho mara moja, geti ni lake la kudumu. Vijana wa yadi wakajipanga dirishani.

Mume wangu alikula nusu, akaweka kijiko. Akakaa wima. Jasho lilimtiririka, lakini macho yalikuwa wazi kama ya mtu anayengoja mshahara. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Saa saba na nusu. Saa nane. Sauti ya redio ilikuwa inasoma majina ya wafiwa wa mkoa mzima, taratibu, bila haraka.

Saa nane na dakika kumi, kichwa kikaanguka kifuani. Cha fomeni.

Alianza na filimbi ya puani, akapanda, akapasua mbao kwelikweli. Vijana dirishani wakafunikana midomo. Kisha akanyamaza. Kelele zote za yadi zikaingia ofisini: mnyororo, lori, mtu anaita mwenzake. Mume wangu akaacha kutabasamu. Akaangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa: na mimi nilikuwa nahesabu. Akainuka, akamgusa bega yule mzee kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mzee. Vuta pumzi."

Fomeni akavuta hewa kama mtu anayetolewa kisimani, akafungua macho, akatukuta wote tunamtazama. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akajifuta uso kwa leso, polepole, akafungua droo, akatoa funguo za foklifti na kuzisukuma juu ya meza.

"Zamu ya mchana. Kuanzia kesho."

"Asante mzee."

"Nimekuwa hivyo muda mrefu?"

"Muuza samaki angefika mlangoni," mume wangu akamjibu. Fomeni hakuelewa, wala hakuuliza. Aliwafukuza vijana dirishani kwa filimbi, akanigeukia mimi na kushusha sauti.

"Shemeji, hiyo kliniki iko wapi?"

"Sinza."

"Sinza sehemu gani?"

"Katikati ya gesti mbili. Mkabala na baa. Saa sita mchana, na uende na mto wako."

Mzee akautazama ule wali uliobaki.

"Andika," akaniambia hatimaye. "Andika yote hayo kwenye karatasi, na saini uweke. Mke wangu hataniamini."